Nyumba ya Kilo Mia Mbili Arobaini na Nne

Muuguzi alimwambia Mama avue viatu, atoe funguo mfukoni, aweke mkoba wake kwenye kiti kisha apande mizani. Mama alifuata maagizo yote kwa mpangilio huohuo. Mshale ulijivuta kidogo, ukasimama kwenye thelathini na sita. Muuguzi aligonga kioo kwa ukucha, maana ilikuwa mizani ya zamani yenye tabia ya kukwama, lakini safari hii haikuwa imekwama. Kisha alimsimamisha Mama ukutani, akamshushia kibao utosini na kupima urefu wake. Alikuwa na mita moja na sentimita sitini.

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa binti yake wa kwanza, ambaye nyumbani na mtaani kote aliitwa Dada, hata na watu waliomzidi umri. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku katika duka la dobi alikokuwa akipiga pasi, na mkononi alishika kiatu kimoja cha mama yake bila kujua kwa nini.

"Sikiliza, mama," alisema muuguzi. "Urefu wako tunauzidisha kwa wenyewe. Jibu tukilizidisha kwa kumi na nane na nusu tunapata uzito wa chini, tukilizidisha kwa ishirini na tano tunapata wa juu. Mtu mzima mwenye urefu wako anatakiwa awe kati ya kilo arobaini na saba na sitini na nne. Ukiwa popote hapo katikati, hatukusumbui."

"Kumbe nafasi ni kubwa hivyo," alisema Mama.

"Ni makadirio tu. Watu hawafanani, kuna wenye mifupa mizito, kuna wenye misuli. Lakini thelathini na sita haimo kwenye makadirio ya mtu mzima yeyote niliyewahi kumpima."

Mama alikuwa na uvimbe tumboni, upande wa kushoto, mgumu kama goti. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari kuutoa, na alisema ukitolewa mapema hauna shida, ukiachwa utakuwa na shida nyingi. Aliyekataa ni daktari wa usingizi. Alisema hamlazi mtu mwenye kilo thelathini na sita, maana kumlaza ni kazi yake lakini kumwamsha ni kazi yake pia. Afikishwe arobaini na saba kwanza. Upasuaji ulipangwa mwishoni mwa mwezi uliofuata.

"Anakula?" muuguzi alimuuliza Dada.

"Anakula vizuri, Sista. Tatizo si chakula. Kwetu tunapeana."

Muuguzi aliandika kitu kidogo kwenye kadi. "Upande wa baba au wa mama?"

"Wa baba."

"Basi ni rahisi. Kuna familia nyingine mbili za namna hiyo huku kwetu. Waleteni wote niwapime, tuone nani amezidisha."

Katika familia hiyo mtoto alikua kwa chakula kama watoto wengine wowote. Akishafikia utu uzima, hesabu yake ilifungwa. Tangu hapo alikula akashiba, alikosa akasikia njaa, lakini kilo zake hazikuongezeka wala kupungua mpaka apewe na mtu wa nyumbani, au ampe. Anayetoa aliweka kiganja begani kwa anayepokea, akashusha pumzi, na kilo zikahama. Wengine walisema "chukua", wengine hawakusema kitu. Mke aliyeolewa humo aliingia na kilo zake kama alivyoingia na masanduku yake, na baada ya miezi michache alikuwa ameshajifunza.

Siku ya harusi Mama alikuwa na kilo hamsini na nane na Baba sabini na mbili. Walipendeza wote wawili, na waliohudhuria bado wanasema hivyo. Mama alimpa mumewe kilo tatu za kwanza wiki aliyopandishwa cheo kuwa msimamizi wa ghala la nafaka, kwa sababu wapagazi walikuwa wakimpiga kumbo wakipita na magunia. Baadaye alimpa kwa sababu ya mafua, kwa sababu ya msiba wa ndugu yake, na mara moja kwa sababu timu yake ilishuka daraja. Mwishowe sababu ziliisha, kukabaki kuhema. Baba alirudi kutoka kazini, akakaa, akahema, na kiganja cha Mama kilikuwa begani kwake kabla hajaweka vijiko mezani. Baba hakuwahi kuomba hata gramu moja, na jambo hilo alilitaja mara kwa mara. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, ila hawasemi kibaba cha nani.

Wepesi wa kupeana haufanani na wembamba wa ugonjwa. Huanzia miguuni. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mwaka huo pedali ya cherehani yake ilikuwa imeacha kushuka. Aliikanyaga kwa miguu yote miwili, ikakaa palepale, basi akaanza kushona kwa mkono na kuwaambia wateja wavumilie. Fundi wa sakafu aliyekuwa akijenga kwa jirani alikuwa na desturi ya kumwita.

"Mama, samahani. Nimesahau mwiko katikati ya saruji mbichi."

Mama alivua ndala, akatembea juu ya saruji mpaka katikati, akaokota mwiko na kurudi nao. Sakafu ilibaki laini kama alivyoiacha fundi. Fundi alimshukuru na kumwambia ana miguu ya baraka, na Mama alifurahi kuwa wa msaada, kwa sababu siku hizo hakuwa na msaada sana kwenye cherehani.

Baba hakupenda kupelekwa hospitali kupimwa na msichana. Pale ghalani wapagazi walimwita Kabati, maana akisimama mlangoni mlango unakuwa umefungwa, na jina hilo alijifanya halijui. Alisema mizani ya kuaminika ni ya ghala, siyo zile za kupimia watoto wachanga. Basi Jumapili moja aliwachukua wote, yeye, Mama, Dada na kijana wao wa mwisho, mpaka kazini kwake, akafungua kufuli na kuwapandisha kwenye mizani kubwa ya chini ya kupimia magunia.

"Pandeni wote," alisema.

"Wote kwa pamoja?" aliuliza Dada.

"Mzigo hupimwa wote, mwanangu. Ukipima gunia moja moja utamaliza lini?"

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Lori likija alipima shehena nzima, akagawa kwa idadi ya magunia, na wastani ukiwa sawa alisaini. Gunia lililopunjwa lilibebwa na lililojazwa kupita kiasi, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu magunia hayana mdomo. Walisimama wanne pale juu ya chuma wamebanana, Mama katikati. Mizani ilisoma kilo mia mbili arobaini na nne.

"Gawa kwa nne," alisema Baba. "Sitini na moja. Mwambieni huyo Sista wenu kwamba nyumba hii ina afya."

Alifunga kufuli, wakarudi nyumbani. Njiani aliwanunulia karanga za kukaanga, kwa sababu alikuwa na furaha, na mtu akiwa na furaha si mchoyo wa karanga.

Muuguzi hakukubali wastani. Alisema hajawahi kuona wastani ukilazwa wodini. Baada ya kusihiwa kwa muda mrefu Baba alikwenda, akapanda mizani ya zamani iliyolia chini yake, na muuguzi akawapima mmoja mmoja. Baba alikuwa na kilo tisini na nne. Kwa urefu wake alitakiwa asizidi sabini na mbili. Dada alikuwa na hamsini na nne, na kwa urefu wake asingepaswa kushuka chini ya arobaini na tisa. Kijana wa mwisho, ambaye aliitwa Bomba kwa sababu tangu utotoni alipenda kuchezea mipira ya maji na sasa alikuwa amepeleka maombi zimamoto, alikuwa na sitini. Kwa urefu wake alihitaji hamsini na saba hivi, kwa hiyo alikuwa sawa.

"Hesabu yenu nzuri," alisema muuguzi. "Mama anahitaji kumi na moja. Mzee amezidisha ishirini na mbili. Mzee akitoa nusu ya ziada yake, mama anaingia chumba cha upasuaji, na mzee bado anabaki amezidisha kumi na moja. Hatapungukiwa na kitu. Hata magoti yake yatashukuru."

Dada alitoa ishirini na mbili kutoka hamsini na nane kichwani, pale pale kwenye benchi, akapata thelathini na sita. Alimtazama baba yake akifunga mkanda, tundu la mwisho, na akaona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyekutwa na vitu vya watu.

"Nimesikia," alisema Baba.

Ni kweli alikuwa amesikia. Lakini wiki hiyo kulikuwa na ukaguzi ghalani, na msimamizi hawezi kukaguliwa akiwa ametoka kupungua, watu watadhani ana mashaka. Wiki iliyofuata kulikuwa na harusi ya mpwa wake, naye ndiye aliyepangiwa kusema kwa niaba ya familia. Alisema mtu hasimami mbele ya wakwe akiwa mwepesi. Kisha mvua zilianza, akasema si vizuri kutoa kwenye baridi. Alipiga danadana kwa upole, bila kukasirika, huku akimuuliza Mama kila asubuhi kama uvimbe umeuma usiku. Uvimbe ulikuwa ukiuma. Ulikuwa pia ukikua, na katika nyumba hiyo ndicho kitu pekee kilichoongezeka bila kupewa.

"Mwacheni baba yenu," alisema Mama. "Atatoa. Ana mambo mengi."

Siku moja baada ya chakula cha jioni Baba alisimama bila kuombwa. Alinawa mikono, akaikausha, akaenda nyuma ya kiti cha mkewe kama mtu anayekabidhi zawadi mbele ya wageni. Aliweka kiganja begani kwake, akasema "chukua", akashusha pumzi ndefu. Walisubiri wote. Dada alileta mizani ndogo aliyoazima kwa muuguzi, akaiweka sakafuni. Mama alikuwa na thelathini na sita. Baba alikuwa na tisini na nne. Baba alirudia kwa mkono mwingine, kisha kwa mikono yote miwili, na namba hazikubadilika.

"Mnaona?" alisema, akikaa. "Hapokei."

Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba Mama hapokei. Shangazi alikuja kutoka mbali kumshauri afungue moyo, akakaa siku kadhaa, akala vizuri. Majirani walimwambia kiburi kibaya, hata kile kisichoonekana. Mama mwenyewe aliamini. Dada alimsikia jikoni akimwomba mumewe msamaha.

"Nisamehe, baba watoto. Sijui nina nini mimi."

"Usijali, mke wangu," alisema Baba. "Tutajaribu tena." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesamehe kweli, na pengine alikuwa amesamehe.

Dada ndiye aliyejua. Wiki hiyohiyo alimwendea mama yake uani alikokuwa akianua nguo, akamwekea kiganja begani, akashusha pumzi. Kilo tano zilikwenda mara moja, kama maji kwenye mchanga. Mama alipokea bila shida yoyote, isipokuwa alilia. Mizani ilisoma arobaini na moja kwa Mama na arobaini na tisa kwa Dada, yaani ukingoni kabisa mwa makadirio yake.

"Anapokea," Dada alimwambia mdogo wake. "Baba ndiye hakuachia."

Bomba alikuwa sakafuni akipiga pushapu. Alimaliza seti yake kwanza. "Kwa hiyo Baba mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nimesema hakuachia. Unaweza kusema chukua huku umeshika."

"Dada, mimi nina usaili wiki ijayo. Wale wa zimamoto wanataka mtu ambaye bomba la maji halimrushi. Nikishuka mpaka hamsini na saba wataniambia nirudi mwakani."

"Sijakuomba."

"Najua hujaniomba. Nikipita tu, natoa. Kweli tena."

Alikuwa kijana mwema na alimaanisha. Alipita usaili, akaenda mafunzoni, na kule alikuwa na mambo ya kujifunza tangu alfajiri, kwa hiyo alisahau. Sitini zake alikwenda nazo.

Zilibaki kilo sita, na siku zilikuwa zikikimbia. Muuguzi alikuwa amemwonya Dada asishuke chini ya arobaini na tisa. Alisema ukishatoka kwenye makadirio, kurudi si rahisi, kwa sababu watu wanakuzoea ulivyo. Dada alimsikiliza, akamkubalia. Siku ya kumpeleka Mama hospitali walipanda gari la kukodi, wakakaa kiti cha nyuma, na kabla hawajafika langoni Dada aliweka kiganja begani kwa mama yake na kumpa zote sita. Mama alijaribu kusogea lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mwanangu, hizi ni zako."

"Ni za nyumba, Mama. Si ndivyo tunavyosema?"

Wodini Mama alipanda mizani, ikasoma arobaini na saba. Daktari wa usingizi alikuja mwenyewe kuangalia, akatikisa kichwa kukubali, akasema kesho asubuhi atakuwa wa kwanza. Wakampa kitanda cha dirishani. Godoro lilibonyea chini yake, na Mama akaligusa kwa mkono mara mbili tatu kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Alisema alikuwa amesahau kwamba godoro hufanya hivyo. Muuguzi alimtazama Dada kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Na wewe?"

"Nitarudi tu, Sista."

"Utarudishiwa na nani?"

Dada aliaga, akaenda kazini. Siku hiyo pasi ilimshinda. Ilikuwa pasi nzito ya chuma, lakini pasi hainyooshi kwa uzito wake peke yake, huhitaji mtu wa kuilalia, na Dada alipoilalia alibaki juu juu. Kola za mashati zilitoka na mikunjo. Tajiri wa duka alisema pengine ana malaria. Dada alirudia kola zile moja baada ya nyingine, na hakujali, kwa sababu kila aliyopiga ilimsogeza karibu na asubuhi, na asubuhi uvimbe ungetolewa. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa amewahi kuwa nayo, nyembamba na safi, na alitaka kuimaliza siku bila kuzungumza na mtu.

Saa za kutembelea wagonjwa Baba alikwenda hospitali. Alikuwa amevaa koti lake zuri, na alibeba machungwa. Wodi ilikuwa ghorofa ya pili na lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi akipumzika kila kona, akafika akiwa ameloa jasho, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mkewe. Alimuuliza kama amekula. Alimmenyea chungwa. Alimwambia nyumba haina raha asipokuwepo, na hilo lilikuwa kweli. Kisha kengele ya kuwatoa wageni ikalia, naye akaondoka akishika ukuta.

Asubuhi walimpima Mama kabla ya kumvalisha gauni la upasuaji. Alikuwa na arobaini na mbili.

Dada alimkuta amekaa kitandani na nguo zake za nyumbani, mkoba magotini. Daktari wa usingizi alikuwa ameshakwenda kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi alieleza kwamba hapakuwa na kosa lolote upande wa hospitali, tarehe nyingine itatolewa, na sharti ni lilelile. Aliyasema hayo akikunja shuka, na hakumtazama Dada usoni, kwa sababu alikuwa mtu mwenye huruma.

"Aliomba?" Dada alimuuliza mama yake.

"Nani, baba yako? Hajawahi kuomba maishani mwake."

"Sasa kwa nini, Mama?"

Mama alifungua mkoba, akafunga. "Alihema, mwanangu."

Dada alikaa kando yake. Godoro halikubonyea upande wake. Alitaka kusema maneno mengi na yote yalikuwa ya haki, lakini mama yake alikuwa akimtazama kwa aibu ya mtoto aliyevunja sahani ya wageni, naye hakuweza. Alimshika mkono, wakashuka ngazi pamoja, polepole, wakizishika nguzo.

Nyumbani Baba aliwapokea mlangoni. Alikuwa na kilo tisini na tisa na magoti yalimsumbua. Aliposikia upasuaji umeahirishwa alihuzunika kweli, akasema hospitali za siku hizi hazijui utu. Dada alimwambia kilichotokea, neno kwa neno, zile kilo zilikotoka na zilikokwenda. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Sikujua kama ni zako," alisema. "Nilidhani amenipa za kwake."

"Za kwake ulishamaliza, Baba."

Shangazi angekuwepo angesema binti hana adabu, lakini alikuwa ameshaondoka. Baba alitazama mikono yake yote miwili, juu na chini, kana kwamba ametumwa nayo dukani na amesahau alichotumwa.

"Mama yako hana uchoyo," alisema mwishowe. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Kisha alisimama, akamwekea Mama kiganja begani, akasema "chukua", akashusha pumzi. Alirudia. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Dada aliuangalia uso wake kwa makini na akaona jambo ambalo lilimtisha kuliko yote, kwamba baba yake alikuwa anajaribu. Alikuwa anajaribu kwa nguvu zake zote, na hakujua inavyofanywa. Hakuwa amewahi kutoa, hata mara moja, tangu utotoni, na sasa mkono wake haukuwa na njia.

"Hapokei," alisema Baba kwa sauti ndogo.

Maisha yakaendelea. Muuguzi alikuja nyumbani mara moja, akaeleza upya kuhusu uzito wa chini na wa juu, akanywa chai, akachukua mizani yake. Tarehe mpya ilikuwa baada ya mvua. Kadiri Baba alivyozidi uzito ndivyo alivyozidi kuhema, na kadiri alivyohema ndivyo mkono wa Mama ulivyonyanyuka, hata alipokuwa ameukunja kifuani, hata alipokuwa ameufunga kwenye kanga kwa ushauri wa muuguzi. Mama alirudi thelathini na sita, kisha akapita. Sasa alilala mchana, na Dada aliweka kamusi ya shule ya Bomba juu ya shuka, upande wa miguu, ili dirisha likifunguliwa asisogee.

Tajiri wa dobi alimhamishia Dada kwenye kukunja nguo na kuzifunga, kazi isiyohitaji kulalia. Hapo ndipo alipokuwa akifikiri. Alimchukia baba yake kwa muda wa kukunja shuka mbili, kisha alimhurumia, kisha alijiuliza kama kutotaka kutoa na kutojua kutoa kuna tofauti kwa anayelala na kamusi miguuni. Aliapa jambo moja tu. Aliapa kwamba arobaini na tatu zake ni za Mama, zote ambazo mwili unaweza kutoa bila kuzimika, na kwamba atazishika mpaka siku ya tarehe mpya, ampe mlangoni mwa chumba cha upasuaji na kusimama hapo mwenyewe kama kufuli. Hakuna kilo ambayo ingepitia nyumbani.

Jioni hiyo mvua ilikuwa imekatika. Mama alikuwa amelala chumbani. Dada alikuwa sebuleni, amekaa kwenye kiti cha mbao, akishona kifungo. Baba aliingia akitoka kazini, akavua viatu kwa shida, akauliza hali ya mgonjwa, akaambiwa. Akajishusha kwenye kiti chake, ambacho kilikuwa kimeongezewa mguu wa tano. Alimtazama binti yake kwa upendo, na upendo ule haukuwa wa uongo.

"Pole na kazi, mwanangu," alisema.

"Ahsante, Baba. Pole na wewe."

Baba aliegemea nyuma, akafumba macho, akahema.

Dada alihisi mkono wake wa kulia unaacha sindano. Uliondoka pajani taratibu, kiganja kikiwa kimefunguka, ukielekea upande wa pili wa meza, na hakuwa ameutuma. Aliukamata kwa mkono wa kushoto, akaurudisha, akaushikisha ukingo wa kiti na kuukalia. Aliukalia kwa uzito wake wote. Lakini uzito wake wote ulikuwa kilo arobaini na tatu, na mkono ulimnyanyua pamoja na kiti.